NANI ANA IDHINI YA KUBADILI KILICHO CHA WOTE?
Programu Huria na Kumbukumbu za Wagonjwa katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kueleza ni nani aliye na idhini ya kubadili zile sehemu za programu ya kompyuta ambazo hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na idhini hiyo hutoka wapi. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili lina uhusiano gani na taaluma yake. Jibu ni kwamba programu itakayochunguzwa hapa imejengwa juu ya kamusi, na ugomvi mkubwa uliomo ndani yake ni ugomvi wa maana. Neno likishatumiwa kuandikia hali ya mgonjwa, nani aruhusiwe kulibadili maana yake?

Mfano unatoka katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Kaunti hizi hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 uitwao KENPHIA ulionyesha kwamba katika Homa Bay watu wazima 19.6 katika kila mia walikuwa na virusi vya Ukimwi, na katika Migori 13.0, ilhali kwa nchi nzima kiwango kilikuwa 4.9. Kila mmoja wa wagonjwa hao aanzapo dawa huandikwa, na huendelea kuandikwa kila ahudhuriapo kliniki, maisha yake yote. Kosa dogo katika chombo cha kuandikia haliwi dogo tena likirudiwa katika maelfu ya mafaili.

Asili ya programu

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Idadi ya wagonjwa wa Ukimwi ilipoongezeka, chombo cha Mosoriot kikaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief wakaanza kuunda kingine, na wakajiunga na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health lililokuwa na haja iyo hiyo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa OpenMRS. Ilianza kutumika Eldoret mwezi Februari 1956 + 50, yaani 2006, na katika mwaka huo huo ikafika Rwanda na Afrika ya Kusini.

Kwa hospitali za serikali nchini Kenya, OpenMRS ilivalishwa vazi la kienyeji na kuitwa KenyaEMR, nayo ikaanza kusambazwa mwaka 2012. Aliyeifanya kazi hiyo mwanzoni ni I-TECH, kituo cha Chuo Kikuu cha Washington. Baadaye uendelezaji ukahamia kwa shirika la Palladium. Fedha zilitoka katika mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na Ukimwi, yaani PEPFAR. Programu iliigwa juu ya karatasi zilizokuwapo: kadi ya mgonjwa ya Wizara ya Afya, MOH 257, ikawa fomu ya kwenye kioo, ripoti ya kila mwezi, MOH 731, ikawa hesabu inayofanywa na mashine. Mgonjwa alipewa nambari ya tarakimu kumi, tano za kwanza zikiwa za kituo alichoandikishwa na tano za mwisho zikiwa zake mwenyewe. Kila kituo kiliwekewa seva yake, kwa sababu mtandao hauaminiki kila siku katika Ndhiwa au Muhuru Bay. Kwa hiyo nakala za programu zilikuwa nyingi kama vituo vyenyewe, ilhali chimbuko lake lilikuwa moja.

Uhuru wa aina mbili

OpenMRS ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya asili yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyabadili, mradi atimize masharti ya leseni, ambayo kwa OpenMRS ni ile ya Mozilla toleo la 2.0 pamoja na nyongeza ya tahadhari kuhusu matumizi ya kitabibu. Watu wengi husikia maneno haya wakadhani kwamba kila mtu anaweza kuibadili programu ya kila mtu. La, hasha. Hapa pana uhuru wa aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta kutoelewana.

Wanafunzi wa fasihi ya pwani watalitambua jambo hili kwa upesi. Mnukuzi wa utenzi huko Lamu au Pate aliweza kubadili neno katika nakala aliyoiandika kwa mkono wake, na hakuna aliyemzuia. Lakini badiliko lake halikugusa nakala iliyokuwa sandukuni mwa jirani. Ili jirani naye alipokee, ilipasa alione, alipime, kisha alinukuu kwa hiari yake. Uhuru wa kwanza wa programu huria ni huo wa mnukuzi: nakala ni yako, ibadili utakavyo. Wa pili ni idhini ya kuingiza badiliko katika nakala ya asili, ile ambayo wote huteremshia matoleo yao mapya. Huo hautolewi na leseni. Hutolewa na watu.

Ni watu gani hao? OpenMRS imegawanyika katika kiini na vifurushi vinavyokizunguka, viitwavyo moduli. Kiini hutunzwa na jumuiya iliyotawanyika duniani, nayo imeweka ngazi za waandishi: anayeanza huruhusiwa kupendekeza, na kadiri kazi yake inavyoonekana kuwa safi ndivyo anavyopandishwa, mpaka wale wachache wa juu ambao wanaweza kupokea mapendekezo ya wengine na kuyaingiza. Moduli nazo hutofautiana. Baadhi zilitungwa kwa ajili ya Kenya peke yake. Nyingine ni za ushirika kamili: ile inayotengeneza fomu za kujazwa na wauguzi, kwa mfano, ilikuwa ikitumika Haiti, Rwanda, Uganda na Kenya kwa wakati mmoja. Mtu wa Haiti akiirekebisha kwa haja ya Haiti, fomu ya Homa Bay inaweza kuacha kufunguka.

Ndipo hushawishika mafundi wa karibu. Muuguzi analalamika kwamba kisanduku fulani hakipokei tarehe. Fundi aliyeko kaunti anafungua seva ya kituo, anabadili mistari miwili, na kazi inaendelea jioni hiyo hiyo. Uhuru wake wa mnukuzi umemruhusu. Lakini toleo jipya lifikapo kutoka Nairobi, hulifunika badiliko lake bila hata kujua kwamba lilikuwapo, na muuguzi anarudi pale alipoanzia. Au fundi anakataa toleo jipya ili kulinda kazi yake, na tangu siku hiyo kituo hicho kinasafiri peke yake, hakipati tena marekebisho ya usalama yanayopatikana kwingine. Dawa ya jambo hili inajulikana: lile badiliko la mistari miwili lipelekwe juu, lipimwe, liingizwe katika asili. Linalokosekana mara nyingi ni njia fupi ya kulipeleka.

Kamusi ya dhana

Haya yote yangeweza kusemwa juu ya programu yoyote. Kinachoitofautisha OpenMRS ni kamusi yake.

Katika Ziwa Victoria kuna samaki mdogo wa rangi ya fedha. Waluo na Wakenya kwa jumla humwita omena, Watanzania humwita dagaa, Waganda humwita mukene. Samaki ni yule yule. Mtu akitaka kuandika daftari litakalosomeka katika nchi zote tatu, njia mojawapo ni kumpa samaki huyo nambari, kisha chini ya nambari kuorodhesha majina yote. Hivyo ndivyo kamusi ya OpenMRS ilivyo. Kinachoandikwa katika faili la mgonjwa si neno. Ni nambari ya dhana. Uzito wa mwili kwa kilo ni 5089. Urefu ni 5090. Chembe za CD4 ni 5497. Chini ya kila nambari hukaa majina, katika lugha yoyote ambayo mtu amejitolea kuyaandika, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo.

Kamusi iliyoenea zaidi hujulikana kwa jina la CIEL. Ilikuzwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chini ya daktari Andrew Kanter, ambaye alihusika pia na Mradi wa Vijiji vya Milenia, uliokuwa na kituo Sauri katika Siaya, si mbali na kaunti zinazozungumziwa. KenyaEMR iliichukua kamusi hiyo. Alama yake ni rahisi kuitambua: nambari ya dhana hufuatwa na herufi A zikirudiwa mpaka zitimie herufi na tarakimu 36. Kwa hiyo uzito ni 5089 pamoja na A thelathini na mbili. Anayeziona kwa mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika.

Sasa swali la idhini linakuwa zito. Tuseme mtu mwenye ufunguo anaona kwamba dhana fulani imeelezwa vibaya, naye anaisahihisha: iliyokuwa na maana ya “mgonjwa aliwahi kutibiwa kifua kikuu” anaifanya kuwa “mgonjwa anatibiwa kifua kikuu sasa”. Hakugusa faili la mtu hata mmoja. Lakini kwa tendo hilo moja kila mgonjwa aliyewahi kupona amefanywa mgonjwa tena, katika kila kituo kitakachopokea kamusi mpya. Mwandishi wa kamusi ya kawaida akikosea fasili, msomaji hupotoshwa. Mwandishi wa kamusi hii akikosea, kumbukumbu za jana husema uongo.

Kwa sababu hiyo mapokeo ya OpenMRS yana kanuni ambayo mwanaleksikografia yeyote angeistahi. Dhana iliyokwisha kutumiwa haibadilishwi maana. Ikionekana haifai, hustaafishwa: haitolewi tena kwa matumizi mapya, ila hubaki mahali pake ili yaliyoandikwa kwayo yaendelee kusomeka. Iliyo sahihi hupewa nambari mpya. Programu yenyewe husaidia kuilinda kanuni hii. Dhana ikishakuwa na majibu ya wagonjwa, mtu hawezi kuigeuza kutoka kipimo cha tarakimu kuwa maneno, na msimamizi anaweza kuifunga kamusi nzima isihaririwe kabisa katika kituo chake.

Majina, kwa upande mwingine, yaweza kuongezwa bila hatari. Au ndivyo inavyodhaniwa. Katika Dholuo Ukimwi umeitwa ayaki, jina lenye maana ya kunyang’anya. Lipo pia neno chira, ambalo hutaja kukonda na kudhoofika kunakompata mtu aliyevunja mwiko, au jamaa yake. Katika miaka ya mwanzo ya Ukimwi familia nyingi ziliona mgonjwa wao akikonda zikasema ni chira. Je, chira liandikwe katika kamusi kama jina la Ukimwi kwa Dholuo? Anayejua udaktari peke yake anaweza kusema ndiyo, kwa kuwa dalili zinalingana. Anayejua Dholuo atakataa mara moja: chira ni dhana nyingine, ina chanzo chake, ina tiba yake, na mgonjwa anayesema ana chira anatoa habari ambayo daktari angepaswa kuisikia jinsi ilivyosemwa. Hapa mwenye ufunguo hana ujuzi, na mwenye ujuzi hana ufunguo.

Siku 90 na siku 28

Yako mabadiliko ambayo si ya mwandishi wa programu wala ya mtunza kamusi. Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2011 ulisema mtu mzima aanze dawa chembe zake za CD4 zikipungua chini ya 350. Wa 2014 ukasema 500. Wa 2016 ukaondoa kipimo na kuamuru kila aliye na virusi apewe dawa. Kila mara kifungu cha “anayestahili” kilibadilika ndani ya programu. Hakuna fundi aliyekuwa na haki ya kuchagua kati ya 350 na 500. Haki hiyo ni ya Wizara ya Afya kupitia mpango wake wa taifa wa kudhibiti Ukimwi, NASCOP, na kazi ya fundi ni kuandika kilichoamuliwa. Mpaka hapo jambo liko wazi.

Gumu zaidi ni lile la “aliyepotea”. Kwa miaka mingi PEPFAR ilimhesabu mgonjwa kuwa amepotea baada ya siku 90 tangu miadi aliyoikosa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 ikapunguza hadi siku 28. Sababu yake ilikuwa njema, maana kumtafuta mtu baada ya miezi mitatu ni kuchelewa. Lakini ifikiriwe hali ya mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; mwezi unapokuwa mpevu nyavu hupumzika. Wavuvi huhama kufuata samaki, kutoka Mbita hadi visiwa vya Remba na Ringiti, kutoka Sori hadi Muhuru Bay, na pengine kuvuka mpaka. Mvuvi mwenye miadi tarehe 1 Machi akarudi tarehe 10 Aprili amechelewa siku 40. Kwa kipimo cha zamani hakupotea hata kidogo. Kwa kipimo kipya alipotea, kisha akapatikana, na kituo chake kiliandikwa kuwa kimempoteza mtu.

Mvuvi hakubadilika, wala karani aliyemwandika hakukosea. Tarakimu moja katika kifurushi cha pamoja ilibadilishwa, na aliyeagiza ibadilishwe hakuwa mtunza programu, wala Wizara, bali mlipaji wa gharama. Hili halimo katika ngazi za waandishi zilizoelezwa hapo juu, na ndiyo kasoro ya maelezo mengi juu ya utawala wa programu huria: hutaja aliyeshika ufunguo, yasimtaje aliyemwajiri mshika ufunguo.

Kanuni ya kamusi ingefaa kufuatwa hapa pia. “Aliyepotea kwa siku 90” na “aliyepotea kwa siku 28” ni dhana mbili. Kila moja ingepewa jina lake na tarehe yake ya kuanza kutumika, na ripoti ya mwezi wa zamani ingeendelea kuhesabiwa kwa kipimo cha wakati wake. La sivyo, karani anayefungua ripoti ya kale katika mashine na kuilinganisha na ile ya karatasi iliyomo kabatini atakuta hazipatani, na atakayeshukiwa ni yeye.

Wenye ufunguo

Historia ya programu huria kwingineko inaonyesha kwamba ufunguo huweza kuleta madhara kwa njia mbili zilizo kinyume. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja, Azer Koçulu, alipokosana na wasimamizi wa ghala la npm, aliviondoa vifurushi vyake vyote. Kimoja, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, lakini programu nyingi duniani zilikitegemea zikashindwa kujengwa, mpaka wasimamizi wakakirudisha. Mali ya wengi ilikuwa mkononi mwa mmoja. Mwezi Machi 2024 likatokea la pili. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameisaidia programu ya xz kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, mpaka mtunzaji aliyechoka akamkabidhi ufunguo; naye akapachika humo mlango wa siri. Aligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia katika mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Mmoja aliondoka na ufunguo, mwingine aliupata kwa hila. Katika visa vyote viwili waliokitegemea kifurushi hawakujua hata jina la mtunzaji.

Katika Migori na Homa Bay hatari iliyojitokeza haikuwa ya ukorofi wala ya hila. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje, na miradi mingi ya Ukimwi magharibi mwa Kenya ikasimama au ikapunguza wafanyakazi. Leseni haikuguswa, maandishi ya programu yalibaki wazi kwa kila mtu, kama siku iliyotangulia. Ilionekana basi jinsi uhuru wa mnukuzi ulivyo mwembamba pasipo mnukuzi anayelipwa. Programu iliyofungwa ingeweza kuondoka na mwenyewe, na hiyo ni sifa ya kweli ya programu huria ambayo haifai kubezwa. Lakini haki ya kurekebisha haimrekebishii mtu kitu.

Kenya ilikuwa tayari imepata chombo cha kisheria. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 iliunda Wakala wa Afya ya Kidijitali, na data za afya zikawekwa chini ya usimamizi wa taifa. Sheria huweza kutaja nani awajibike kwa data. Haiwezi yenyewe kumpa mtu ujuzi wa kupokea badiliko au kulikataa. Waandishi wa Kenya waliopanda ngazi katika kazi ya OpenMRS wapo, na Eldoret imekuwa shule yao tangu mwanzo. Wakilipwa na taifa lao, ufunguo wa moduli za Kenya utakaa Kenya hata mfadhili akiondoka.

Kiswahili chenyewe kimepita katika njia hii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuitunza. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu, maafisa wa serikali na wamisionari, wakiamua neno lipi lipite na lipi lisipite katika lugha ambayo haikuwa ya mama zao. Baadhi ya kazi yao ilikuwa nzuri na ingali inatumika. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kabla waliokuwa wakiisema lugha hiyo nyumbani hawajaketi katika meza ile.

Kwa upande wa majina katika kamusi ya wagonjwa, meza ipo na viti vingi viko wazi. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina la Kiswahili, la Dholuo, la Kikuria au la Kisuba kwa dhana iliyokwisha kuwa na nambari, na pendekezo likipimwa na anayeijua lugha halimdhuru mgonjwa hata mmoja. Chuo Kikuu cha Rongo kimo ndani ya Migori. Chuo Kikuu cha Tom Mboya kimo katika mji wa Homa Bay. Idara za lugha zinazoweza kusema chira si Ukimwi, na kueleza kwa nini, ziko karibu na karani kuliko New York. Zinachohitaji kuanza ni orodha ya dhana zitumiwazo katika MOH 257, ambayo haizidi kurasa chache, na mtu mmoja wa kuipeleka.